Aruhusiwe Kesho

Jana kwenye raundi bibi wa kitanda cha tisa alinikata kauli mbele ya bingwa, manesi na wanafunzi. Nilikuwa nasoma skrini kwa sauti ya kisomi: "Mgonjwa anaendelea vizuri, aruhusiwe kesho." Bibi akajiinua kwenye mto. "Mjukuu wangu, hiyo kesho yenu mbona haifiki?" Kiroba chake cha nguo kilikuwa miguuni, kimefungwa kwa kipande cha kanga, chupa ya uji juu yake. Bingwa akanigeukia: "Dokta, kesho ya lini?" Wanafunzi wakacheka kwa adabu, na hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote. Wodi yenyewe ndiyo kwanza nimehamishiwa. Sentensi hiyo niliikuta.

Ngoja nieleze kesho inavyotengenezwa, maana ni ufundi. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Lawrence Weed, aliandika katika New England Journal of Medicine kwamba noti zipangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa, ili fikra za daktari zionekane na zikosolewe. Kutokana na kazi yake tukapata zile sehemu nne tunazokaririshwa chuoni: mgonjwa anasemaje, umeona nini, unadhani ni nini, utafanya nini. Kompyuta ikazifanya visanduku vinne, na ukiacha kimoja kitupu haihifadhi. Sasa kompyuta ni moja kwa wodi nzima, na mgongoni kwako amesimama nesi anayeihitaji. Hapo ndipo utamu wa ile batani ya kuleta noti ya jana. Bonyeza tu: visanduku vinajaa, tarehe ya leo inajiandika juu, jina lako chini. Mfumo unajua kubadilisha tarehe. Haujui kwamba "kesho" nayo ni tarehe.

Na ajaye baadaye haanzi mwanzo. Faili la karatasi ulilifunua tangu siku mgonjwa alipopokelewa. Skrini inakuanzishia mwishoni. Tunakimbilia vipimo, kisha dawa, kisha noti ya juu kabisa, tunanukuu kwenye karatasi ya mfukoni, haooo raundi. Sukari ya bibi ilikuwa imeshuka, kidonda kinakauka, noti inasema kesho. Nani angebisha?

Ukurasa usiodanganya ni wa bili. Huko hakuna cha kunakili: kila siku ya kitanda ina mstari wake, na bei yake pembeni. Ukitaka kujua mgonjwa amelala siku ngapi, achana na noti za madaktari.

Mengine ya wiki hii ni madogo: nenosiri langu liliisha muda usiku wa manane, na mzee mmoja wa wodi ya wanaume alipata majibu ya kipimo cha mimba. Hana.

Bibi aliondoka jana hiyohiyo jioni. Mwanawe aliomba siku za ziada zifutwe, akajibiwa dirishani kwamba kilichokwisha kuingizwa kwenye mfumo hakifutwi. Akalipa zote. Huo kwangu si uhasibu, ni dhuluma.