Chujio Jekundu la Ufipa

Wenye magari wa Sumbawanga wamejaaliwa imani, kwani katika mji huu ulio juu ya uwanda wa Ufipa, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe imepungua uzito kwa takriban sehemu moja ya sita, msimu wa ukaguzi ukikaribia utamwona mwenye Fuso la mahindi akitia mkono mfukoni, si kwa ajili ya nozeli za dizeli zinazovuja, hasha, bali ili anunue chujio jekundu la pamba iliyolowekwa mafuta, ambalo muuzaji huapa kuwa laivutisha injini pumzi na kuutakasa moshi.

Ni kweli kwamba chujio lililoziba huikosesha dizeli hewa ikatoa moshi mweusi. Lakini hilo fundi huliponya kwa chujio la karatasi la kawaida, tena bila hotuba.

Mkaguzi naye, mstahiki, hutazama taa, matairi na kizimamoto, na moshi huupima kwa jicho, injini ikiwa imezimwa. Stika hubandikwa kiooni, chujio likasifiwa hadi mji wa Laela, na nozeli zikaahirishwa mpaka mwakani, inshallah.