Laini Ipi, Mwanangu?

Aaah, jamani, makubwa! Kaa hapa njia panda ya Garsen, barabara ya Malindi, ya Lamu na ya Hola zinapokutana, uone kama utahitaji redio. Maneno yanakufuata yenyewe ulipo. Na kuna neno moja la Mwingereza linalotutia wazimu: laini.

Kondakta anakwambia gari lake ni la laini ya Malindi. Bibi anapita analia laini imepotea, kumbe ni kadi ya simu, tena ndani mna pesa za maembe. Stima ikikatika, fundi anakwambia laini imeanguka. Muulize askari anakaa wapi, atasema laini. Mto Tana ukifurika na chakula cha msaada kikaletwa, kabla hujaona hata gunia la unga, mtu anafoka: pigeni laini! Na sisi tulikuwa na laini yetu zamani, iliyotoka kwa Waarabu, ya chapati nyororo, iliyokandwa ikakandika. Mgeni kaingia, kavaa kanzu ya mwenyeji, sasa nani amtambue?

Mwaka 2022 ndio uliotuvua nguo. Mamlaka ya Mawasiliano ilisema laini zisizosajiliwa ipasavyo zitazimwa, mwisho tarehe 15 Aprili, kisha ikasogeza hadi 15 Oktoba. Basi nchi nzima tukapiga laini kusajili laini. Si mliyaona?

Mzee mmoja wa kijiweni kwetu naye alikwenda. Kijana wa duka akamuuliza, "Mzee, laini yako iko wapi?" Mzee akageuka akaonyesha watu waliokuwa nyuma yake. "Si hii hapa, mwanangu? Nimesimama tangu jua halijatoka." Watu wakacheka. Kijana akabofya-bofya, akasema, "Pole mzee, laini imefungwa." Mzee akasema inshallah, akachukua bakora yake akarudi nyumbani, akidhani wamefunga foleni ya siku ile na kesho ataiwahi. Kumbe ni kadi yake iliyofungwa! Mwanawe yuko Mombasa anatuma pesa ya dawa, haiingii, anatuma tena, haiingii. Tulicheka, ndiyo, lakini kicheko kilitukauka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ndiyo mfuko wa mzee. Humfungii mtu mfuko kwa neno asilolielewa.

Na kwa laini ya kusimama, Watanzania nao wasitutambie na foleni yao. Hiyo nayo ni amri ya gwaride ya Mwingereza, ya kuwaambia askari wajipange! Sisi Wakenya tuna mlolongo, neno safi kabisa, ila nadhani mwaka 1988 ulilitia doa. Ule uchaguzi wa mlolongo wa chama cha KANU, watu wakijipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, na pengine mwenye mstari mfupi ndiye anayetangazwa mshindi. Ptu! Lakini kosa lilikuwa la waliohesabu. Neno lina hatia gani?

Neno likieleweka na wote, watu hawapotei. Tazama Waorma, wafugaji wetu, na malka. Malka ni njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa maji, ikipita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Mtu akitaja malka hapa Delta ya Mto Tana, mfugaji anajua, mkulima anajua, mpaka mtoto anayechunga ndama anajua. Ng'ombe wakikosea njia wakaingia kwenye mahindi, hapo ni ugomvi, na ugomvi wa hapa tunaujua ulivyo. Ndiyo maana neno likawekwa wazi.

Basi wewe kijana wa duka, sema kadi ya simu. Kondakta, sema gari la Malindi. Mgawa unga, sema mlolongo, hata foleni tutakusamehe. Na mzee akikuuliza laini ipi, usimcheke. Mweleze mpaka aelewe, ndipo umwite anayefuata.