Kompyuta Iliyobaki Mwaka 2009

Aliyesema gemu ni mchezo hajawahi kulinunulia bando. Kwetu Tabata gemu ni mradi: lina bajeti, lina wataalamu, lina vikao, na kwa kipindi fulani mwaka jana lilikuwa na wadau wengi kuliko mradi wowote wa mtaa.

Gemu lenyewe ni la kuendesha malori Ulaya. Mpwa wangu, aliyehamia kwangu baada ya kidato cha sita akisubiri chuo, analipenda kuliko wali. Anapakia jibini Uholanzi, anashusha Poland, anasimama taa nyekundu usiku wa manane akiwa peke yake barabarani. Shemeji yangu, dereva wa lori la kweli linalokwenda Tunduma, alilitazama kwa dharau siku ya kwanza. "Mzani uko wapi?" Hakuna. Foleni ya mpakani? Hakuna. Kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililokata pumzi? Hakuna. Akatoa hukumu kwamba hiyo si kazi ya lori, hiyo ni likizo. Halafu akaomba ashike yeye.

Basi siku moja gemu likatangaza kuwa limetoka toleo jipya, na kwamba dereva asiyesasisha hataruhusiwa kuingia barabarani na wenzake. Mpwa akabofya. Mstari wa kijani ukachungulia, ukasita, ukafutika, yakaja maneno kwamba imeshindwa kuunganishwa na seva, tujaribu tena baadaye. Tukajaribu baadaye. Baadaye nayo ikashindwa.

Kompyuta yetu ni ya mezani, used ya Ulaya, tuliyoinunua Kariakoo. Mgongoni ina kibandiko cha ofisi iliyokuwa ikiitumia, kwa lugha ambayo hakuna anayeijua nyumbani. Sipiyu yake ni chuma kitupu. Ukiiangusha, utakachotengeneza ni sakafu. Kila inapowashwa huanza na skrini nyeusi yenye Kiingereza kirefu kinachoishia kwa kuomba ubonyeze F1. Mpwa alikuwa akibonyeza F1 kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia sebuleni. Hakuna aliyewahi kuyasoma maneno yale. Yalikuwepo tangu tuinunue, na kitu kilichokuwepo tangu mwanzo hakiitwi tatizo, kinaitwa tabia ya mashine.

Shida ikapelekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na hapo ndipo nilipojua kuwa tuna wahandisi wengi kuliko wakulima. Mmoja akasema ni virusi. Kijana wa kibanda cha PS pale mtaani, aliyeingizwa kwenye mjadala bila kuwa ndugu, akasema tuongeze RAM. Kijana huyo hupendekeza RAM hata kwa pasi isiyopata moto. Mama mdogo akasema tuiombee. Kisha binamu yetu wa Oslo akaandika kwa utulivu wa mtu aliyeko Oslo: "Futeni lote, pakueni upya. Dakika kumi tu."

Dakika kumi! Binamu hulipia intaneti kwa mwezi, na gigabaiti huikumbuka tu akija likizo. Gemu hilo pamoja na nchi zake za nyongeza ni makumi ya gigabaiti. Lakini ushauri uliotoka mbali una uzito, na mpwa akafuta. Kufuta kulifanikiwa papo hapo, bila kuomba intaneti, bila seva, bila toleo jipya. Kupakua upya ndiko kulikogoma, kwa maneno yale yale ya mwanzo. Sasa tulikuwa na gemu lisilosasishika ambalo pia halipo. Bando la usiku tulilolinunua kwa ajili ya kazi hiyo likafa alfajiri kama kawaida yake, bila kuguswa.

Ikabidi sipiyu ipakiwe kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Fundi wa kompyuta wa mjini ana dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni kupiga Windows upya. Akapiga. Gemu likaanza kushuka pale pale dukani kwake, tena kwa kasi. Tukalipa, tukarudi nyumbani, tukachomeka. Seva haipatikani. Tukarudi kwa fundi: inapatikana. Nyumbani: haipatikani. Fundi akasema tatizo ni mtandao wetu. Wauza mtandao wakasema tatizo ni mashine yetu. Tukanunua laini nyingine, nayo ikashindwa kwa heshima zote. Jirani mmoja, mtu mzima ambaye huwa simdharau, akaninong'oneza kwamba kitu kinachofanya kazi kila mahali isipokuwa nyumbani kwake hakihitaji fundi, kinahitaji mtu mwingine.

Kabla kidogo shida haijaanza, mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, alikuwa amekuja kutoka Same kwa ajili ya macho. Alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho, na baada ya miaka ya ukungu alikuwa anasoma kila kitu: pakiti za biskuti, namba za daladala, masharti yaliyo nyuma ya vocha. Ana desturi moja aliyokuja nayo. Kila usiku kabla ya kulala huzunguka nyumba akizima soketi zote, kwa imani kwamba kitaa chekundu kinachobaki kinawaka ndicho kinachomaliza uniti za LUKU. Huwezi kubishana naye, kwa sababu uniti kweli huisha.

Asubuhi moja alikuwa nyuma ya kiti cha mpwa, kikombe cha chai mkononi, akiisoma skrini kutoka kona hadi kona.

"Mbona mashine yenu inasema ni Januari mosi, elfu mbili na tisa?"

"Wapi, Bibi?"

"Hapo chini, kulia. Mwaka huo babu yenu alikuwa bado anagomba chai haina sukari."

Tukatazama. Januari mosi, 2009, saa sita na dakika kadhaa usiku. Katika kompyuta yetu Kikwete alikuwa Ikulu akimalizia kipindi chake cha kwanza, Michael Jackson alikuwa hai, mpwa wangu alikuwa anajifunza kutembea, na gemu lililokuwa linaombwa lijisasishe lilikuwa halijatengenezwa. Kila asubuhi tukichomeka soketi, ilikuwa inasherehekea Mwaka Mpya ule ule peke yake.

Kumbe jambo lenyewe liko wazi. Tangu IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984, kompyuta ya aina hii huwa na saa yake yenyewe ndani, yenye kipande cha kioo kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sawa na saa nyingi za mkononi. Umeme ukiwepo ukutani, saa hula umeme wa ukutani. Soketi ikizimwa, hula kibetri cha duara kilicho kwenye ubao mkuu. Kibetri kikifa, saa husahau kila kitu na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Maneno yale ya F1 ndiyo hayo yalikuwa yanasema, ila kabla Bibi hajaja soketi ilikuwa haizimwi, kwa hiyo saa ilikuwa haijapotea. Fundi alikuwa akiyasoma na kurekebisha saa kila mashine ilipomfikia, kisha akaona si jambo la kututajia.

Na seva? Seva inayotoa gemu huonyesha cheti kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyoko 2009 ikiletewa cheti kinachoanza miaka mingi mbele, inafanya ambacho ningekifanya mimi nikiletewa hati ya kiwanja ya namna hiyo: inakata simu. Muda wote ule ilikuwa inatulinda na matapeli. Windows nayo huulizia saa sahihi kwenye intaneti, lakini kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta ya nyumbani hukubali kusogeza saa zisizozidi 15. Ikiambiwa isogeze zaidi ya miaka 15, inadhani anayeiambia ndiye mgonjwa.

Kibetri huitwa CR2032, yaani kipenyo milimita 20 na unene milimita 3.2, volti tatu. Nilikipata kwa fundi saa karibu na kituo cha daladala. Aliniuliza, "Cha mizani au cha rimoti ya gari?" maana kwake hivyo viwili ndivyo vinavyokufa. Bei yake ilikuwa chini ya nauli ya bodaboda ya safari moja ya kwa fundi kompyuta.

Mpwa akakipachika, akabonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio, akauliza ni saa ngapi. "Saa mbili," Bibi akajibu kutoka jikoni, na ilikuwa kweli saa mbili asubuhi. Mpwa akaandika 2. Kosa la saa sita hilo Windows ililiweza, ikalinyoosha yenyewe dakika chache baadaye. Gemu likaanza kushuka. Usiku Bibi akapita na soketi zake, gemu likakatika nusu. Asubuhi tarehe ilikuwa ya siku hiyo, na likaendelea pale lilipoishia.

Shemeji ndiye aliyelizindua toleo jipya. Akapita taa nyekundu kwenye mji mmoja wa Ujerumani, akakatwa faini bila kusimamishwa na mtu. Akageuka akiwa amekasirika kweli: "Trafiki yuko wapi, tuongee?"

Sasa wewe msomaji, mashine yako ikianza kugombana na seva, tazama kwanza kona ya chini kulia, halafu ndipo uwasikilize watu wa RAM. Na wewe binamu wa Oslo, najua utayasoma haya: tukikuuliza tena, tuulize kwanza kwetu ni mwaka gani. Ukiona jibu linakuchanganya, tuma bando.