Chokaa ni ya Mawe

Tuwapongeze wenye nyumba mpya wa Mapinga. Wamekataa katakata kupaka chokaa, kitu cha hovyo kinachotokana na matumbawe ya pwani ileile wanayoitazama kutoka ghorofani. Chokaa ikikauka haina harufu, inauacha ukuta upumue, na ukungu hauipendi. Sasa mgeni akija atajuaje kwamba umepaka? Rangi ya heshima humpokea mtu getini na kumuumiza kichwa hadi Jumapili. Kama ina madini ya risasi au haina, muungwana hasomi kopo. Watoto watajua wenyewe.

Wajenzi wa msikiti wa Kaole, kwenye pwani hiihii, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, hawakuwa na bahati hiyo. Walichoma matumbawe, wakazima chokaa kwa maji, wakapaka, nayo ikanywa hewa hadi ikarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana wametuachia magofu tu. Rangi yetu, kwa upepo huu wa chumvi, inabanduka kistaarabu mapema, na mafundi hawakosi riziki.

Sasa umeingia uungwana mkubwa zaidi: rangi ya "asili" kutoka Ulaya, iliyovushwa na meli inayochoma mafuta mazito ili hewa ya sebule isichafuke. Kopo lina picha ya jani. Mwembe uliokatwa kupisha gereji haukuwa na picha yoyote.

Chokaa tusiitupe, hata hivyo. Mwenge wa Uhuru ukikaribia, mawe ya kando ya barabara na vigogo vya miti vitaihitaji. Navyo vinastahili kupumua.