Mtoto Mmoja, Makocha Watatu

Rafiki yake wa nyumba ya pili anakwenda, na wakimaliza mazoezi wanapewa juisi. Hizo ndizo sababu mbili alizonipa kitindamimba wetu alipoomba kuandikishwa kwenye kituo cha soka cha watoto, pale uwanja wa shule ya msingi jirani na kwetu Tabata. Alikuwa ametimiza miaka sita. Mimi niliziona zinatosha kabisa. Mtoto wa umri huo hajui mfumo wala namba. Anajua mpira uko wapi na rafiki yake yuko wapi. Lakini nyumba yetu ina watu wazima wanne, na wenzangu watatu walikuwa na mipango yao.

Mume wangu alisikia habari ya mazoezi, yeye akawa ameshafika Ulaya. Safari ya Mbwana Samatta anaijua kwa moyo: Simba, TP Mazembe mwaka 2011, ubingwa wa Afrika 2015, Genk Januari 2016, Aston Villa Januari 2020, na lile bao la kichwa pale Wembley Machi 1, 2020, kwenye fainali waliyofungwa 2-1 na Manchester City. Bao lile tulilishangilia nyumba nzima, hata mama mkwe, ambaye ni Yanga wa damu na hajasahau kwamba Samatta alipita Simba. Ni fahari yetu sote na sina ubishi. Ila Samatta alizaliwa Desemba 1992, kwa hiyo alipokwenda TP Mazembe alikuwa kijana wa miaka 18. Wetu bado tunamfunga kamba za viatu.

Bamdogo, yaani shemeji yangu anayekaa nasi tangu amalize chuo, alishika simu. "Shemeji, mtoto lazima awe na video. Mawakala siku hizi wanamwona mchezaji kwenye simu kwanza." Akaanza kumrekodi tangu kwenye uji.

Na mama mkwe? Mtoto amerithi jina la marehemu babu yake, kwa hiyo bibi humwita "mume wangu", kama ilivyo ada. Sasa mume wa mtu akienda uwanjani, mke lazima aone anavaa nini.

Hapo ndipo siku ya kwanza ilipoharibikia. Kocha aligawa vizibao vya mazoezi, vyekundu upande huu na vya kijani upande ule, na mwanangu akaangukia chekundu, rangi ya Simba. Mama mkwe alikuwa kivulini kwenye kiti chake cha plastiki. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akavuka uwanja katikati ya mazoezi. "Mwanangu," alimwambia kocha, "huyu ni mume wangu, na kwetu rangi hiyo haiingii ndani." Kijana wa watu akampa kizibao cha kijani. Mume wangu aliyekuwa akiegesha pikipiki alipotazama akamwona mwanawe amevaa kijani, naye akavuka uwanja. Mtu na mama yake mzazi wakasimama kwenye duara la kati, mmoja akitaja 1935, mwaka ilipoanzishwa Yanga, mwingine akijibu 1936, mwaka wa Simba, huku watoto wameketi mchangani wakiwatazama. Kocha alivikusanya vizibao vyote akavirudisha mfukoni. Wiki iliyofuata watoto wa rika lile walivaa bluu kwa nyeupe, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Kisha zikaja daluga. Mume wangu alizinunua Karume, nzuri kweli, ngozi halisi, lakini zilikuwa kubwa ili zimfikishe darasa la pili. Mbele alijaza sponji. Zoezi la kupiga mpira golini lilipofika kwa mwanangu, alikimbia, akapiga, na kilichoruka ni daluga. Ilipita juu ya kipa ikaingia golini, mpira ukabaki palepale. Mtoto alicheka hadi akakaa chini, wenzake wakamwangukia wakicheka naye. Baba yake alikuwa pembeni ya mstari anapiga kelele: "Inuka! Piga tena! Mpira huo!" Nikamwona mwanangu akiacha kucheka. Nilikuwa karibu, nikauona uso wake ukibadilika, na sikupenda nilichokiona.

Nyumbani kulikuwa na mpira namba tano. Huo ni mpira wa watu wazima: kwa sheria za soka una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Watoto wa miaka sita huchezea namba tatu, mdogo na mwepesi, na sababu inaonekana ukiutazama mguu wao ulivyo. Mume wangu aliujaza upepo hadi ukawa mgumu, akahamisha meza ya sebuleni, na kila baada ya maghrib ikawa mazoezi: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Bamdogo anarekodi. Jioni moja mtoto akatakiwa apige kwa nguvu zake zote, "kama kaka Samatta". Akapiga. Mpira uligonga mguu wa kochi, ukapanda, ukaingia kwenye kabati la vyombo la mama mkwe, la mninga, alilokuja nalo kutoka Tanga. Kioo chote kilishuka. Chupa ya chai iliyokuwa imejaa ililala chini inatiririka, na sahani mbili za harusi yake zikawa vipande.

Mama mkwe alitoka chumbani na tasbihi mkononi. Hakuuliza nani amepiga. Alimtazama mume wangu tu, akasema, "Wewe una miaka arobaini," akachukua ufagio.

Mtoto tulimkuta nyuma ya pazia. Hakuwa ameumia. Nilimbeba nikamwogesha, naye hakusema neno. Tangu hapo, kila Ijumaa jioni tumbo lilianza kumuuma. Nampa maji ya uvuguvugu, namkanda, analala akijikunja. Jumamosi mchana, mazoezi yakishapita, tumbo limepona na yuko uani anapiga chandimu na rafiki yake kwa mpira wa makaratasi. Ijumaa moja aliniuliza gizani, "Mama, kesho nikiumwa, baba atanikasirikia?"

Usiku ule niliwaita wote watatu barazani. Kwa kawaida vikao vya nyumba yetu huitwa na mama mkwe, na ndiyo maana wote walifika haraka. Niliwaambia swali la mtoto kama alivyoliuliza, neno kwa neno. Kimya kilikuwa kirefu.

Mume wangu alisema, "Kwa hiyo tumwache tu? Vipaji vinapotea nchi hii kwa sababu ya kuachwa." Najua alikotoka na neno hilo, amewaona vijana wengi wa mtaani kwake wenye miguu ya dhahabu wakiishia kwenye vijiwe. Hofu yake ni ya mapenzi. Nikamweleza habari ya Norway. Kule shirikisho la michezo lina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, na kwa utaratibu wao wa leo hakuna msimamo wa ligi kabla ya mwaka ambao mtoto anafikisha 11, wala mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya 13. Watoto wanacheza, wanafunga, wanafungwa, wanakwenda nyumbani.

"Haaland si wa huko?" Bamdogo akauliza.

"Wa huko. Amekulia Bryne, ndani ya kanuni hizohizo."

Hapo mume wangu aliweka kikombe chini. Lakini aliyemaliza shauri ni mama mkwe. "Uwanja ule nimeutazama," alisema. "Watoto wote wakipata mpira, kwanza wanamtazama kocha, halafu wanamtazama baba yao, mpira wanautazama mwisho. Sasa mtu atapigaje kitu asichokitazama?"

Tukakubaliana. Anayesema uwanjani ni kocha peke yake. Daluga ziwe za mguu wake wa leo. Mpira namba tano ukawekwa juu ya kabati hadi atakapoufikia mwenyewe. Simu ya Bamdogo itatoka mfukoni mtoto akiomba. Na hakuna wa kumuuliza "umefunga mangapi?" kabla hajaoga na kula, aanze yeye kusimulia anachotaka. Mimi nikaongeza moja, ambalo naamini ndilo lililotuokoa: kila mtu mzima apewe kazi. Mzazi aliyesimama mikono mitupu kwenye mstari lazima apige kelele, hata awe mpole namna gani. Kocha alipewa taarifa, akafurahi mno. Mume wangu akawa mtu wa koni na magoli, mama mkwe mtunza maji, Bamdogo machungwa.

Likaja bonanza na watoto wa Segerea, watano kwa watano. Mpira ukianza, watoto wa umri ule huufuata wote kwa pamoja, kama vifaranga wamemwagiwa pumba, na ni raha kuwatazama ukishaacha kudai nafasi. Mume wangu alizunguka uwanja koni mikononi, midomo ameibana. Mara moja alisema "Pa—" akajikamata, akainama kusogeza koni ambayo haikuhitaji kusogezwa. Nilimpenda sana dakika ile.

Kipindi cha pili yule rafiki wa nyumba ya pili aligongana na mwenzake, jino lake lililokuwa likicheza wiki nzima likadondoka. Akapiga ukelele: jino lake limepotea mchangani, na atatupa nini juu ya bati! Watoto wote kumi waliacha mpira wakapiga magoti kutafuta. Refa naye akainama. Mume wangu alikuja mbio akapanga koni kuzunguka eneo lile ili mtu asilikanyage, kisha akapiga magoti kando ya mwanawe, wakachambua mchanga kwa vidole. Jino alilipata mtoto mmoja wa Segerea, wakamshangilia kuliko mfungaji yeyote wa siku ile. Mechi ikaendelea. Tulifungwa.

Jioni, kwenye beseni, mwanangu alisimulia jino mwanzo hadi mwisho: nani alianza kuliona, baba alivyoweka koni, damu ilivyokuwa kidogo tu. Akasimulia juisi. Mabao hakuyataja, na baba yake, aliyekuwa mlangoni na taulo, hakuuliza. Ijumaa zikawa Ijumaa, tumbo halikurudi.

Juzi amesema anataka kujaribu kuwa kipa, kwa sababu kipa anaruhusiwa kulala mchangani. Bamdogo akaruka kutoka kwenye kochi. "Shemeji, unasikia? Makipa wanadumu! Essam El-Hadary wa Misri alidaka Kombe la Dunia 2018 ana miaka 45, na penalti akaokoa!" Mkono tayari uko mfukoni kwenye simu.

Nikamkabidhi kisu na mfuko wa machungwa.