Aliyechora Ramani Hajalala Humu

Gesti za Mandewa, Singida, ninazozijua huwezi kuzilaumu kwa uchafu. Zinadekiwa asubuhi na jioni, shuka zinanukia sabuni, na kitabu cha wageni kinataka kujua hadi kabila lako. Ugomvi wangu ni na yule aliyechora ramani.

Chukua chumba nilicholala nilipokwenda kumwangalia shangazi, aliyelazwa hospitali ya rufaa. Mlango unafungukia ndani, unagonga kitanda, unaishia hapo. Unaingia ubavu, begi linafuata. Kitanda ni futi sita kwa sita, maana Mtanzania akilipia chumba anataka kitanda kipana; chumba kikakubali shingo upande. Soketi ikabaki nyuma ya kabati. Niliipata kwa kupapasa, mkono umezama hadi begani, simu ikachaji huku inaning'inia kwa waya wake.

Swichi ya taa iko mlangoni. Ukizima, unarudi kwa kukadiria, na kona ya kitanda inakusubiri ugokoni. Inasimuliwa kwamba César Ritz, akiandaa hoteli yake ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1898, alimkalisha mkewe saa nyingi akijaribu rangi za taa, ajue ipi inampendeza mwanamke usoni. Taa yangu ilikuwa nyeupe ya chumba cha upasuaji. Kwenye kioo nilionekana mgonjwa kuliko shangazi.

Bafuni, mteremko wa sakafu ulielekea chumbani. Maji yaliliacha tundu lao pembeni, yakapita chini ya mlango, yakabeba kandambili zangu hadi uvunguni.

“Dada, maji yanaingia chumbani!”

“Pole, kaka. Yanakaukaga yenyewe.”

Halafu kuna upepo. Singida upepo si wa kubembeleza. Wawekezaji wameupigia hesabu za umeme miaka mingi. Fundi wetu aliuwekea dirisha la alumini la kusukuma, lisilofunga sawasawa, likitazama uwanja mtupu. Likapiga mluzi usiku kucha. Nilisokomeza soksi kwenye ufa. Mluzi haukukoma, ila sauti ikawa nene.

Asubuhi nilimkuta mwenye gesti akisimamia kokoto zikishushwa. Anaongeza ghorofa, ramani ile ile. Nikamuuliza kama amewahi kulala humu hata usiku mmoja.

“Mimi?” akacheka. “Nilale gesti ya nini, kijana wangu, na nyumba yangu ile pale?”