Namna ya Kuupeleka Ukoo kwa Mickey na Kurudi Mkiwa Bado Mnasalimiana

Safari ya Disney World huanza mbali na Florida. Huanza siku mtoto wa darasa la pili, huko Houston au Columbus, anaporudi nyumbani amenuna kwa sababu darasa zima limeshapiga picha na Mickey isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo hamtakula chakula kwa amani. Basi undeni kamati.

Kamati tunaijua. Ukoo uliomwoza binti kwa michango ya watu mia mbili hauwezi kushindwa na bustani ya michezo. Mwenyekiti awe mjomba mwenye gari kubwa. Katibu awe yule anayetumia simu yake bila kuwauliza watoto. Mweka hazina awe mtu asiyeona haya kudai. Fungueni kundi la WhatsApp, andikeni ahadi, na mkumbuke kwamba aliyeandika dola 300 akaweka na kile kialama cha mikono iliyokutanishwa bado hajatoa kitu. Ametuma dua.

Kikao cha kwanza kitumieni kuwaeleza wajumbe kwamba mahali penyewe ni pakubwa. Ni eneo la kama kilomita za mraba 100 karibu na Orlando, lenye bustani nne zilizotengana kwa mwendo wa gari: Magic Kingdom iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Anayesema "tutazimaliza zote Jumamosi" aondolewe kwenye kamati kwa heshima. Ardhi hiyo ilinunuliwa kimyakimya katikati ya miaka ya 1960, kupitia kampuni ambazo hakuna aliyejua ni za nani, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Waliokuwa wakikwepa kupandishiwa bei miaka ile leo wanajua kuipandisha kuliko mtu yeyote. Walt Disney mwenyewe alifariki Desemba 1966, kabla hata geti halijafunguliwa, hivyo malalamiko hayana pa kupelekwa.

Tiketi ya mtu mzima, siku moja kwa bustani moja, inapita dola 100, na karibu na Krismasi hufika 200. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Akitimiza 10 tayari ni mtu mzima. Kwetu mtoto wa miaka 10 hufukuzwa sebuleni wageni wakianza kuzungumza. Florida analipa sawa na babu yake. Najua kuna wazazi ambao hapa wameshaanza kupiga hesabu kwamba Juma ni mfupi, anaweza kupita kwa miaka miwili na nusu. Jaribuni, lakini Juma ndiye atakayetangaza umri wake kwa fahari mbele ya karani, na keki ya siku yake ya kuzaliwa ataieleza ilikuwa ya rangi gani. Na ule mpango wa shangazi kuingia asubuhi kisha mjomba atumie tiketi hiyohiyo jioni uacheni mapema: mlangoni watu huweka kidole kwenye mashine, na kidole cha shangazi hakiazimwi.

Lini muende? Si Krismasi, si Pasaka. Nafuu ipo mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Septemba, watoto wakiwa shule. Ndiyo, hata wenu. Mwandikieni mwalimu kwamba kuna jambo la kifamilia; bibi kutoka Iringa kuja Marekani ni jambo la kifamilia la kutosha. Septemba ina matatizo yake, kwa kuwa msimu wa vimbunga ni tangu Juni hadi mwisho wa Novemba, na mvua za radi za mchana husimamisha michezo ya nje hata kama umebakiza watu wawili mbele yako. Makoti ya nailoni yanunueni kwenye duka la bei rahisi kabla hamjaondoka. Ndani ya geti koti lilelile lina picha ya panya na bei ya kumfaa panya tajiri. Mtu wa Dar au Mombasa atasema joto la Florida halimtishi. Mwacheni aseme. Saa nane mchana mtamkuta ndani ya duka la kofia, hanunui chochote, amesimama chini ya kiyoyozi anasoma kibandiko cha bei kwa utulivu wa mtu anayesoma wosia.

Sasa foleni, ambako ndiko iliko biashara yenyewe. Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass, karatasi ya bure iliyokupa saa ya kurudi ukapita upande bila kusimama sana. Mwaka 2021 ya bure ikafa. Njia ya mkato ya sasa inaitwa Lightning Lane nayo ni ya kununua, bei ikibadilika kwa siku na kwa bustani. Aliyelala hoteli za Disney huchagua saa zake siku 7 kabla, wengine siku 3 kabla, na dirisha hufunguka saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Katibu aiandike saa hiyo kwa tarakimu kama inavyosomeka kwenye simu. Vijana waliozaliwa huku wakisikia "saa moja" wanajua ni baada ya chakula cha mchana, na wakati huo nafasi nzuri zitakuwa zimekwisha zamani.

Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari na za pasi za kusafiria tunaona ajabu mtu kulipa ili awapite wenzake, wakati kwetu kazi hiyo hufanywa kwa kumjua mtu wa dirishani. Dirishani hapa hamjui mtu. Wala msimtume kijana mmoja akashike nafasi, kisha watu 14 wakajipenyeza nyuma yake wakisema "tuko pamoja". Wenye foleni yao hawatacheka. Njia ya bure iliyobaki ni kufika kabla geti halijafunguliwa, maana saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote. Kwa ukoo wetu hilo lina kanuni yake: ukitaka gari liondoke saa kumi na mbili, tangaza saa kumi. Dada wa kujipamba umtangazie saa tisa.

Kwa Magic Kingdom ongezeni muda zaidi. Mkishalipa ada ya kuegesha gari bado hamjafika, mbele yenu kuna ziwa, na mtavuka kwa kivuko au kwa reli ya juu. Mtu wa Kigamboni atakwenda moja kwa moja kwenye kivuko bila kuuliza, atasimama karibu na mlango, na atashuka wa kwanza.

Watoto wapimeni urefu nyumbani, kwenye fremu ya mlango, ili walie huko ambako kulia ni bure. Treni ya vibwengo saba, Seven Dwarfs Mine Train, inataka sentimita 97. Expedition Everest inataka 112, na TRON 122. Vifundo vya nywele havihesabiwi, hata vikisukwa vikaelekea mbinguni. Mwenye mtoto mchanga aulizie Rider Switch: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Huo ni utaratibu mzuri kweli, na ni bure. Shangazi wanne watataka kujua kama nao ni wazazi wa mtoto huyo. Kuuliza si ujinga.

Kwenye chakula ndipo mtakaporudisha heshima ya ukoo. Disney huruhusu wageni waingie na chakula chao, mradi pasiwe na chupa za kioo, pombe wala barafu ya kumwaga. Someni tena sentensi hiyo, taratibu. Maandazi yanaingia. Sambusa zinaingia. Chapati zinaingia. Hotipoti la pilau ndilo litakalomfanya mlinzi wa mikoba amwite mkubwa wake, na huyo mkubwa akishanusa, mwandalieni na yeye kidogo. Maji ya baridi ya bure mtapewa kwenye kaunta yoyote inayouza soda, kikombe na barafu yake. Ombeni bila kujieleza. Lile paja kubwa la bata mzinga ambalo kila mtu analizungusha mkononi lipigeni picha na wenzenu waliolinunua. Anayekula halali aulize kwanza. Wapo watu wanaoweka meza ya mgahawa siku 60 kabla, alfajiri, lakini kamati ambayo haijaafikiana nani akae kiti cha mbele isijidanganye kwamba inajua itakula nini Alhamisi ya miezi miwili kutoka leo.

Kabla sijasahau: kwenye ofisi ya wageni kuna beji za bure za kusherehekea, ya mgeni wa mara ya kwanza, ya siku ya kuzaliwa na nyinginezo. Chukueni zote. Bibi ambaye hati zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani wa siku ile hakuwa na muda wa kuuliza zaidi, anastahili beji ya siku ya kuzaliwa tarehe yoyote anayoipenda yeye.

Na siku ya Animal Kingdom ni ya bibi. Humo kuna Harambe, mji wa bandari wa kubuni wa Afrika Mashariki, ambao wasanifu waliuchora wakiiangalia Lamu. Plasta imebanduka, rangi imepauka, kuta zina nyufa, mabango yamezeeka. Hakuna hata kimoja kilichozeeka chenyewe: mafundi walilipwa wazeeshe majengo mapya. Mwana wa Lamu anayehangaika kila mwaka kutafuta chokaa ya kuuzibia ukuta wa babu yake asipelekwe pale bila kuandaliwa. Uchafu wa punda vichochoroni hakuna, na hilo ndilo linalowafanya watu wa Pwani wahisi kuna kitu kinapungua wasijue ni nini.

Wafanyakazi watawapokea kwa "Jambo!" ya nguvu. Bibi atasimama, akingoja shikamoo. Msimsukume, ana subira kuliko wao. Kwenye maduka ataona fulana za Hakuna Matata, maneno ambayo Disney waliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya nguo, miaka tisa baada ya filamu ya The Lion King. Kwa mdomo bado anaruhusiwa kuyatumia.

Mzunguko wa lori wa kuangalia wanyama unaitwa Kilimanjaro Safaris, na mlima hamtauona kwa sababu haukujengwa. Everest wameijenga, mita 61, na ndani wakaweka zimwi la theluji lililokuwa likiwapunga watalii mkono mwaka 2006, likaharibika mapema na mpaka leo linawashiwa taa za kumetameta lionekane kama linatikisika. Kilimanjaro yetu imekuwa jina la lori. Mtanzania na Mkenya mliopakiwa gari moja, ule mjadala wa mlima ni wa nani uahirisheni. Hapa ni wa Disney, na jina la mji wenyewe, Harambe, limetoka upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo mmepata sare.

Pandeni asubuhi, kabla wanyama hawajakimbilia kivulini. Ni chini ya nusu saa tu. Twiga ni twiga, tembo ni tembo, kiboko ni kiboko. Mibuyu ni ya zege, na vichuguu vya mchwa navyo. Simba amelala juu ya mwamba, mahali ambapo kila mwenye kamera anamwona, na mwamba huo hupozwa kwa mitambo ili asipate wazo la kwenda kulala kwingine. Simba ana kiyoyozi. Mjomba, aliyelipa, hana.

Mtakapopita kwa twiga, bibi atawatangazia abiria wote kwamba basi la kutoka Dar kwenda Iringa linakatiza katikati ya Mikumi, kwamba twiga wako pale kando ya lami, tembo wako, nyati wako, na kondakta hajawahi kumdai nauli ya twiga. Kila neno ni la kweli. Msimtafsirie dereva, ana maelezo yake aliyoyakariri na bado ana mizunguko mingi mbele yake siku hiyo.

Saa tisa alasiri ukoo utagombana. Hili halina kinga, liwekeni tu kwenye ratiba. Watu wametembea kilomita nyingi, viatu vipya vimeanza kuuma, mtoto mmoja amelala na mwingine anadai panga la mwanga. Warudisheni wote hotelini, walale, mrudi jioni, na siku ya Magic Kingdom mwangalie fataki kwenye kasri la Cinderella. Asiyetaka kurudi abaki na nguo za kufua.

Zawadi za nyumbani zinunueni kwenye maduka makubwa ya nje ya geti, ambako Mickey ni yuleyule na bei imepata akili. Hesabu za michango zisomwe ndani ya gari mkiwa njiani kurudi, kwenye barabara kuu, katikati ya miji miwili, pasipo na mtu anayeweza kushuka. Mweka hazina aanze na wale wa dua.

Picha nazo zina mpangilio wake. Tumeni kwanza za kasri, kisha za Mickey, kisha za fataki. Mkitanguliza za Harambe, kundi la nyumbani litauliza mmefika Lamu lini, na kwa nini hamkupita kusalimia.